Ile Asilimia Moja

Jikoni kwa Mama Povu hapapikwi chakula. Ukiingia na njaa utatoka na njaa yako, ila utatoka unanukia vizuri. Kwenye rafu iliyokuwa ya sufuria na sahani sasa pana mizani ndogo ya betri, madumu ya mafuta, ndoo nyeupe iliyoandikwa USIGUSE kwa rangi nyekundu, na daftari la jalada gumu ambalo halijawahi kuvuka kizingiti. Ukutani, kwenye ubao mrefu, vipande vya sabuni vimepangwa safu safu vikikauka wiki nne nzima, na ole wake atakayeondoa kimoja kabla ya siku zake.

Jina hilo alibandikwa na mumewe, fundi bomba mwenye mdomo, siku sabuni yake ya kwanza ilipokataa kutoa povu hata la kumpakia mtoto. Lilikuwa jina la kejeli. Baadaye sabuni ilipoanza kutoa povu kwelikweli, jina likabaki, na kejeli ikaondoka yenyewe bila kuaga.

Lakini jiko si lake. Jiko ni la mama mkwe wake, na ukitaka kumjua Mama Povu huna budi kuanzia hapo.

Kabla ya sabuni alikuwa dobi hotelini kwa miaka kumi na mmoja. Mashuka asubuhi, taulo mchana, vitambaa vya meza jioni, na sabuni ya unga iliyonunuliwa kwa magunia na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kuigusa. Alipoolewa, vidole vyake vilikuwa vimechanika kiasi kwamba kukamua limau kulikuwa adhabu. Asubuhi ya kwanza ukweni alijikaza, akaenda kwenye karai la vyombo kama bi harusi mwenye adabu. Mama mkwe akamshika viganja, akavigeuza, akavitazama kama anayesoma barua.

"Mwanangu, mikono hii ikipona ndipo tutagombania vyombo," alisema, kisha akavuta kigoda, akaosha mwenyewe.

Haikupona kwa miaka miwili, na kwa miaka miwili mama mkwe aliosha vyombo. Wapo wanawake wanaosimulia visa vya wakwe zao mpaka koo zinawakauka. Mama Povu akiwa kati yao hunyamaza. Hana cha kuchangia, na huona haya kidogo, kama mtu aliyeshiba katikati ya wenye njaa.

Dobi mwenzake ndiye aliyemwambia kwamba sabuni ya mafuta, ikitengenezwa vizuri, haichani mikono. Basi akaanza kutengeneza uani, kwa vikombe: vikombe vitatu vya mafuta, kikombe cha maji, na ile soda kali waiitayo kostiki kikombe kisichojaa sana. Kisichojaa sana ni kiasi gani? Hata yeye hakujua. Mara sabuni ilitoka laini kama uji, mara ilitoka kali. Ile kali ilifua shati la mumewe likarudi na matundu, naye fundi bomba akalivaa hivyohivyo kwenda kazini, akisema leo atapata upepo. Siku upepo uliporusha tone la kostiki likamchoma mkono, mama mkwe aliyaona, akaingia ndani, akaanza kutoa sufuria zake moja moja.

"Mama, unahama?"

"Wewe ndiye unayehama. Uani pana upepo. Chukua jiko, mimi nitapikia barazani."

Mwanamke wa umri ule kutoa jiko lake si jambo dogo. Afadhali angetoa kitanda. Alipika barazani tangu siku hiyo, na hakuna mtu aliyemsikia akilikumbushia.

Wa pili wa kushukuriwa ni shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, mwoka mikate. Alikuja siku moja kuangalia huo ukaidi wa kutengeneza sabuni, unga bado uko kwenye nyusi, akanyanyua kikombe mezani.

"Shemeji, hiki kinafanya nini hapa?"

"Kinapimia."

"Kikombe kazi yake chai. Mafuta kikombe kimoja na kostiki kikombe kimoja uzito wake haulingani hata kidogo. Kesho nitakuletea mizani."

Akaileta mizani, na pamoja nayo mfuko wa unga uliokwisha, akauchana, akaandika kwa penseli upande wa ndani. "Kwetu unga ni mia. Uwe kilo moja, uwe gunia, unga ni mia. Maji sitini, chumvi mbili, hamira moja. Hizo zote ni asilimia za unga. Ukitaka mikate mingi huongezi kanuni, unaongeza unga, vingine vinafuata. Kwako wewe unga ni nini?"

Mama Povu alifikiri. "Mafuta?"

"Umeniibia kazi. Sasa, nazi thelathini, mawese arobaini, alizeti thelathini. Jumla?"

"Mia."

"Leo unataka mafuta kilo mbili, yaani gramu elfu mbili. Nazi ngapi?"

Thelathini mara elfu mbili, gawa kwa mia. Alipiga hesabu polepole, midomo ikicheza. Mia sita. Mawese mia nane, alizeti mia sita. Harufu asilimia tatu ya mafuta, gramu sitini. Kostiki ilikuwa na utaratibu wake, kila mafuta yana namba yake kwenye vitabu vya watengeneza sabuni, na shemeji alimwonya asije akaikadiria hata siku moja kwa sababu kostiki haina undugu na mtu. Mwisho wa somo alijumlisha tena yale mafuta kuhakikisha, jumla ikatoka elfu mbili kamili, naye akatokwa na machozi. Shuleni hesabu ilikuwa fimbo. Hakuwahi kudhani kwamba siku moja itakaa upande wake.

Sabuni ikawa sabuni. Mikono ikapona. Watu wakaanza kugonga mlango, na dobi akaacha udobi. Miaka ikaenda hivyo, mizuri, mpaka asubuhi ile mama mkwe alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Hospitali walifanya yao, wakamrudisha nyumbani kulala. Kulala miezi si kupumzika. Mwezi wa pili kisigino cha kushoto kilifanya kidonda, na muuguzi akaanza kuja kila Jumanne na Ijumaa kukisafisha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, viatu vya soli ya mpira, mfuko wake umepangwa hata ukiuangusha hakitoki kitu. Alimwita Mama Povu mlangoni, akashusha sauti.

"Kidonda nitakihudumia mimi. Kazi yako ni hii ngozi inayokizunguka. Inakauka, inapasuka. Ikiendelea kupasuka kidonda kitapanuka, kikifika mfupani tunazungumza habari ya kukata mguu. Mpake, ila usipake ndani ya kidonda."

Mguu. Mama Povu aliposikia neno hilo alishika fremu ya mlango. Krimu za dukani zilimwasha mgonjwa, mafuta matupu yalikauka baada ya saa moja. Kama kulikuwa na mtu duniani aliyestahili kutengenezewa krimu kwa mkono, ni yule aliyelala chumba cha pili.

Muuza mafuta wake alimwandikia kanuni kwenye karatasi: maji 72, mafuta 18, nta ya kuunganisha maji na mafuta 6, glisirini 3. Akampa pia chupa ndogo ya dawa ya kuzuia ukungu, akamsisitizia asiisahau kwa kuwa penye maji huota vitu. Kwenye chupa alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: asilimia 1.

Shemeji aliitwa. Siku hizi alikuwa amestaafu tanuri, lakini hesabu haistaafu. Aliikodolea macho ile karatasi. "Hapa hakuna unga. Maji ni mengi kuliko mafuta. Hapa chungu kizima ndicho mia."

Alikuwa sahihi kabisa. Kwa gramu elfu moja, maji 720, mafuta 180, nta 60, glisirini 30. Mama Povu, kwa tabia yake, akajumlisha karatasi.

"Shemeji, mbona tisini na tisa?"

"Eh?"

"Sabini na mbili, kumi na nane, sita, tatu. Tisini na tisa. Moja iko wapi?"

Mwoka mikate akacheka. "Umeoka lini wewe? Daima kuna inayobaki kwenye sufuria. Hiyo moja ni ya sufuria." Mama Povu akaamini, kwa sababu mtu huyu hakuwahi kumpoteza. Kisha akachukua ile chupa ndogo. Asilimia moja. Kwa miaka yote, kitu chochote cha chupa ndogo alikipima kwa mafuta, kama harufu. Mafuta ni 180, asilimia moja yake ni moja nukta nane. Mizani yake haikujua nukta, akaweka gramu mbili, matone ya kuhesabika. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, na wala haukumuuliza.

Krimu ilitoka nyeupe, nzito, laini ya kuteleza. Ilijaza vikopo tisa, cha kumi kikapungua kidogo. Akampaka mama mkwe asubuhi na jioni, kutoka gotini hadi kwenye nyayo, akizunguka kidonda kwa adabu. Mgonjwa alifumba macho. Baada ya wiki moja ngozi ilikuwa imetulia, na muuguzi, aliyekuwa hasifii hata jua likichomoza, alisema, "Endelea." Ijumaa iliyofuata akaomba vikopo vitatu kwa wagonjwa wengine watatu anaowatembelea majumbani. Mama Povu alimfungia kwa mikono miwili. Siku hiyo alitembea kutoka jikoni hadi chumbani akiimba, na kama furaha ingekuwa na uzito, mizani ile ndogo isingeiweza.

Ndipo mama mkwe akaanza kukataa. "Leo usinipake, mwanangu, nasikia joto." Kesho yake: "Mguu leo hauna shida." Siku ya tatu: "Nipake yale mafuta matupu, nimeyakumbuka." Siku ya nne, ambayo ilikuwa siku ya kumi na saba tangu krimu itengenezwe, Mama Povu aliamua kumbembeleza. Akafungua kopo. Chini ya kifuniko palikuwa na doa la kijivu lenye manyoya, dogo kama punje ya mtama. Pembeni yake dogo zaidi. Harufu ilikuwa ya kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo.

Alilifunga haraka kana kwamba doa lingeruka. Akakaa kwenye ndoo iliyoandikwa USIGUSE. Alikuwa amempaka mtu mwenye kidonda wazi kitu kilichooza. Na vikopo vitatu vilikuwa huko nje, kwa watu asiowajua hata sura.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri, na hana haja ya kulificha: alitaka kuvimwaga vyote na kusema vimekwisha. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Akampigia simu shemeji, akafungua daftari.

Shemeji alikuja anahema. Walipitia namba zote kwa kidole, mstari kwa mstari, na kila namba ilikuwa sawa. Maji yalichemshwa, vikopo vilisafishwa. Mwoka mikate akaanza kuwalaumu wauza mafuta wote wa dunia. Mama Povu hakumsikiliza. Alikuwa anaitazama ile jumla, 99.

"Shemeji, ile moja uliyosema ni ya sufuria."

"Ndiyo."

"Si ya sufuria." Akaisogeza chupa ndogo mbele yake, maandishi ya wino yakimtazama. "Ndiyo hii hapa. Chungu kizima ni mia, na hii ndiyo inayotimiza mia. Ilitakiwa gramu kumi. Mimi nimeweka mbili."

Shemeji alivua miwani, akaivaa tena. "Nimekupoteza mimi," alisema.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kujumlisha. Bila hivyo nisingejua hata kama kuna kilichopotea." Alikuwa na hasira na huzuni na shukrani kwa wakati mmoja, na vyote vilikuwa vya kweli.

Ilikuwa Ijumaa. Muuguzi alipofika alikutana na mtu amesimama mlangoni na kopo mkononi, akasimuliwa yote kabla hajavua mfuko begani. Alinawa, akafungua bandeji, akakitazama kisigino kwa muda mrefu. Ukingoni palikuwa na wekundu ambao Jumanne haukuwepo. Akatoa kalamu mfukoni, akachora mstari kwenye ngozi kuuzunguka ule wekundu.

"Wekundu ukivuka mstari huu, usinisubiri Jumanne, mkimbize hospitali. Ukibaki ndani, tumshukuru Mungu. Vaa viatu, twende tukavichukue vile vitatu."

Njiani Mama Povu alijiandaa kutukanwa. Nyumba ya kwanza, mwalimu mstaafu hakuwa amefungua kopo lake. Alikuwa amelipanga kabatini na vikombe vya wageni, na alilitoa kwa shingo upande. Nyumba ya pili lilikuwa na doa, na mwenyewe alikuwa bado hajaliona. Muuguzi akamkagua mgongo mzima, akamkuta salama. Nyumba ya tatu, dereva mstaafu alikuwa amelimaliza lote tangu Jumatatu. Alikaguliwa nyayo mpaka akaanza kucheka kwa mtekenyo.

"Baba, lilikuwa na kasoro, nimekuja kukuomba radhi," Mama Povu alimwambia.

"Nimekusikia," alisema dereva. "Lingine lini?"

Wakati wa kurudi, kwenye kona ya mwisho, muuguzi alisimama. "Nina miaka ishirini na miwili kazini," alisema. "Wanaokosea ni wengi. Wanaonisubiri mlangoni na kosa lao mkononi hawafiki hata watano." Akashika njia yake.

Mama mkwe alikuwa macho. Mama Povu alikaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia yote, akitazama ule mstari wa kalamu ili asimtazame usoni. Mzee akapapasa, akampata mkono.

"Nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Nilisikia harufu tangu Jumatatu. Mimi nimepika miaka hamsini, sijui kilichochacha?"

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa unaimba, mwanangu. Nikasema nitajikwepesha kwepesha tu, kitaisha chenyewe."

Hapo Mama Povu alikasirika, na alikuwa na haki. Alimwambia mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, kwamba amekosea. Kwamba kulikuwa na wengine watatu huko nje. Kwamba mguu ni bora kuliko wimbo. Alisema yote hayo huku analia, na mzee alisikiliza kama msichana aliyevunja chungu.

"Haya," alisema mwishoni. "Nimekosa. Kuanzia leo kitu kikinuka nitasema, hata kama ni wewe."

Kuanzia Ijumaa hadi Jumanne kila saa mtu alikuwa anatazama mstari. Mume wa Mama Povu alitazama kabla ya kwenda kazini na kabla ya kuvua viatu. Shemeji alikuja mara mbili kwa siku na mkate mikononi, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuomba msamaha. Wekundu ulifika kwenye wino Jumamosi jioni, ukasimama. Jumapili ulisimama. Jumatatu asubuhi kati yake na mstari palikuwa na nafasi ya ngozi safi, upana wa uzi. Jumanne muuguzi aliinama, akainuka, akasema neno lake lile, "Endelea," na fundi bomba mwenye mdomo akatoka nje bila mzaha wowote.

Krimu mpya ilitengenezwa wiki hiyohiyo. Maji 720, mafuta 180, nta 60, glisirini 30, na ilipopoa, kutoka kwenye chupa ndogo, 10. Alirudishia maji yaliyopotea kwa mvuke, akaipandisha sufuria kwenye mizani, akatoa uzito wake, ikasoma elfu moja. Kopo moja likawekwa dirishani kwa mama mkwe wiki tatu, na kila asubuhi mzee alilifungua, akalinusa na kutoa hukumu. Tangu hapo hakuna kopo linalotoka nyumba ile kabla ya kupita kwenye pua hiyo.

Kisigino kilijifunga mwezi wa nne. Muuguzi alitoa bandeji ya mwisho, akawaita, wakamwinua mgonjwa huku na huku na kumshusha miguu. Mguu wa kushoto ukagusa saruji.

"Sakafu baridi," alisema mama mkwe.

Muuguzi alijishughulisha na mfuko wake ambao haukuwa na kitu cha kupanga. Mzee akakanyaga tena, polepole, kama anayehakikisha. Halafu akasema anataka kwenda jikoni.

Zilikuwa hatua kumi na nne na mapumziko mawili. Walimkalisha kwenye kigoda, akatazama huku na huku. Hakuwa ameingia humo tangu aanguke. Rafu yake ilikuwa na madumu, mahali pa moto wake pana ndoo. Sufuria ya krimu ilikuwa mezani, imepoa, inasubiri kitu kimoja.

"Nipe hiyo chupa ndogo," alisema. "Nitapima mwenyewe. Ngapi?"

"Kumi, Mama."

"Kumi ya nini?"

"Asilimia moja ya chungu kizima."

Matone yalianguka mahali pake, moja moja, na namba ikapanda mpaka kumi. Akaacha. Mama Povu aliandika kwenye daftari, kisha akashindwa kuendelea, kalamu ikiwa hewani.

"Ahsante, Mama."

"Ya nini?"

"Ya jiko. Na ya vyombo vya miaka miwili. Sijawahi kukuambia."

Mama mkwe aliifunga chupa, akaikaza kifuniko vizuri, akaisukumia mbele ile sufuria.

"Koroga," alisema, "itaganda."